Mwanangu alipita juu ya barafu: Dubai hadi Los Angeles ni kilomita ngapi hasa?

"Mwanangu wa kwanza aliondoka hapa Kigoma mwezi wa nane kwenda kusoma Los Angeles, Marekani. Alipanda ndege hadi Dar, Dar akaenda Dubai, na pale Dubai akapanda moja iliyompeleka bila kutua mahali. Alipofika aliniandikia kwamba walikaa angani saa 16, jua halikuzama hata mara moja, na chini aliona barafu tupu. Lakini tiketi yake inaonyesha ndege iliondoka saa 2:30 asubuhi ikafika saa 7:30 mchana, tarehe ile ile. Hizo ni saa tano. Mdogo wake yuko kidato cha pili. Alichukua uzi wa nyavu akapima kwenye ramani ya ukutani akapata karibu kilomita 19,000, na uzi haukugusa barafu popote, ulipita juu ya Afrika na Atlantiki. Kwenye simu tumepata namba tatu: 13,420, 8,339 na 7,246. Jirani anasema ndege ilipotea njia, au ilikuwa inakwepa vita. Ukweli ni upi? Na mwanangu yuko mbali nami kiasi gani? Ananiambia nijiandae kwenda kwenye mahafali yake. Nina miaka 58, nina presha, na nikikaa sana miguu inavimba."

Shikamoo mama. Ndege ya mwanao haikupotea. Ilipita pale pale ilipopaswa kupita, na barafu aliyoiona ni barafu kweli. Namba tatu mlizozipata kwenye simu ni sahihi zote. Hata uzi wa mdogo wake ulipimwa vizuri. Tatizo ni kwamba alipima karatasi, na ndege haikuruka juu ya karatasi. Nitaanza na yale mepesi, kisha tukae kwenye ramani kwa muda, kwa sababu ndiko mkanganyiko ulikoanzia. Safari yako mwenyewe nitaifikia, wala sitaipitia juu juu.

Zile namba tatu ni umbali mmoja uliopimwa kwa vipimo vitatu. 13,420 ni kilomita. 8,339 ni maili za kawaida, zile Wamarekani wanazotumia barabarani, na kila moja ni kilomita 1.609. 7,246 ni maili za baharini, wanazotumia manahodha na marubani, na kila moja ni kilomita 1.852. Zidisha mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu utaona zote zinarudi pale pale. Kila ukikuta namba ya umbali wa ndege, angalia kwanza herufi zilizoandikwa mbele yake kabla ya kushtuka. Kilomita inaandikwa km. Maili ya kawaida mara nyingi ni mi, na ya baharini ni nm.

Saa tano za tiketi nazo zisikusumbue. Kwenye tiketi, kila saa huandikwa kwa saa ya mji husika: ya kuondoka ni saa ya Dubai, ya kufika ni saa ya Los Angeles. Dubai wako saa nne mbele ya Greenwich, sisi Tanzania tatu. Los Angeles mwezi wa nane wako saa saba nyuma. Kati ya Dubai na Los Angeles basi kuna tofauti ya saa 11. Ndege ilipogusa ardhi saa 7:30 mchana kule, Dubai ilikuwa saa 6:30 usiku. Saa tano za kwenye tiketi jumlisha 11 zilizofichwa, unapata 16 alizokuambia mwanao.

Na jua kutozama? Mwezi wa nane, huko juu kabisa kaskazini alikopita, jua halitui. Linazunguka upeo wa macho usiku na mchana mpaka mwezi wa tisa unapokaribia kwisha. Yeye aliondoka asubuhi, akapita kwenye nchi isiyo na usiku, akashuka upande wa pili ambako ilikuwa mchana wa siku ile ile. Angesafiri mwezi wa kumi na mbili, sehemu ya katikati ya safari hiyo hiyo ingekuwa giza, na barafu asingeiona.

Sasa ramani.

Chukua chungwa, ulimenye kwa uangalifu ganda litoke kipande kimoja, kisha libandike mezani ukilikandamiza kwa kiganja. Litapasuka kingo. Ukitaka lilale bila kupasuka, lazima ulivute baadhi ya sehemu zitanuke. Kila mchoraji wa ramani ya dunia anakabiliwa na jambo hilo: ganda ni la mviringo, ukuta wa darasa ni bapa. Ramani nyingi zinazotundikwa ukutani zinafuata, au zinakaribia, mbinu aliyoitoa Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Aliacha maumbo ya nchi yaonekane sawasawa na mielekeo ya dira ikae kwenye mistari iliyonyooka, lakini alilipa kwa kutanua kila kitu kadiri unavyoiacha Ikweta. Ndiyo maana Greenland kwenye ramani hiyo inaonekana kulingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland karibu mara 14. Mimi nilisoma shule ya msingi hapo hapo Kigoma, na mpaka namaliza darasa la saba nilikuwa nasadiki kwamba Greenland ni bara.

Kinachotupoteza zaidi sisi watu wa Kigoma ni kwamba kwetu ramani inasema kweli. Tuko chini kidogo ya nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, sehemu ambayo karatasi haijatanuliwa. Mwambie kijana apime kwa uzi ule ule kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam. Atapata karibu kilomita 1,080, na huo ndio umbali wenyewe wa angani. (Reli ya kati ni kama kilomita 1,250, kwa kuwa reli inapinda kufuata ardhi na miji.) Mtu akishaona ramani inasema kweli kwake, anaiamini kote. Akiipeleka nyuzi 30 au 60 kaskazini bila kujua, inamdanganya.

Kwenye zile kilomita 19,000 za kijana mna makosa mawili yaliyopandana, na ni vizuri ayaone moja moja, kwa sababu hesabu yake haikuwa ya ovyo.

Kosa la kwanza ni la skeli. Mstari wa skeli uliochapwa chini ya ramani unafaa kwenye Ikweta. Hapo, nyuzi moja ya longitudo ina upana wa kilomita 111. Lakini mistari ya longitudo inasogeleana kadiri inavyopanda kaskazini, kama vipande vya ndani ya chungwa vinavyokutana kwenye kikonyo. Ukifika nyuzi 30 za latitudo, upana huo umebaki kilomita 96. Nyuzi 60 umebaki 55 na kitu, yaani nusu. Nchani ni sifuri. Ramani inaichora mistari hiyo kana kwamba haisogeleani kamwe. Dubai iko nyuzi 25 kaskazini, Los Angeles 34, kwa hiyo uzi wake wote ulikuwa kwenye eneo lililotanuliwa. Ukirekebisha kosa hilo peke yake, njia ile ile aliyoifuata, ya kukata Uarabuni, Sahara, Atlantiki na kusini mwa Marekani, inashuka kutoka kilomita 19,000 hadi kama 16,800.

Kosa la pili ndilo lililomletea jirani wazo la kupotea. Mstari ulionyooka kwenye karatasi si njia fupi kwenye tufe. Hili nisingependa mlikubali kwa sababu tu mimi nimesema. Tafuteni chungwa jingine, lisilomenywa, kubwa kiasi, lenye mzingo wa kama sentimita 24 ukilizungusha uzi katikati. Kikonyo kiwe Ncha ya Kaskazini. Chomeka kijiti cha kiberiti upande mmoja, juu kidogo ya mstari wa katikati, kama robo ya njia ya kuelekea kwenye kikonyo. Hiyo ni Dubai. Zungusha chungwa mpaka uwe karibu upande wa pili kabisa, uchomeke kijiti kingine juu kidogo zaidi ya kile cha kwanza. Hiyo ni Los Angeles. Sasa unganisha vijiti kwa uzi unaozunguka ubavu wa chungwa. Utapata kama sentimita 10. Halafu toa uzi huo, uupitishe juu, karibu na kikonyo. Utapata kama sentimita 8.

Sentimita hizo mbili za chungwa, kwenye dunia ni zaidi ya kilomita 3,300. Kwa ndege hiyo ni saa nne za mafuta.

Njia hiyo ya juu wataalamu wa jiografia huiita duara kuu. Kila mahali duniani, njia fupi kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara linaloikata dunia nusu kwa nusu. Dubai iko longitudo ya nyuzi 55 mashariki, Los Angeles 118 magharibi. Tofauti yake ni nyuzi 173 na kitu, na upande wa pili kabisa wa dunia ni nyuzi 180. Miji hiyo basi karibu inapeana migongo, na njia ya mkato kati ya vitu vinavyopeana migongo juu ya tufe ni kupita kichwani. Kwa hesabu tupu, rubani akiondoka Dubai anaelekeza pua ya ndege kaskazini, akipinda magharibi kwa nyuzi 6 tu. Anapita juu ya Iran na Bahari ya Kaspi, anaivuka Urusi, anaingia Bahari ya Aktiki akipita kama kilomita 600 kutoka nchani penyewe, kisha anashuka kusini juu ya Kanada hadi California. Yote hayo bila kukata kona hata moja. Ni ramani inayoichora njia hiyo kama upinde.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kupanga njia za ndege za masafa marefu usiku wa kuamkia safari, kwa hiyo kuna jambo la ziada ambalo namba ya kwenye simu haisemi. Zile 13,420 ni umbali kati ya viwanja viwili, siyo kilomita ambazo ndege ya mwanao iliruka siku ile. Ndege yenyewe karibu kila mara huruka zaidi. Kuna njia maalumu za angani za kufuata, kuna kuzunguka kusubiri zamu ya kutua, na zaidi ya yote kuna upepo. Huko juu, kwenye mita 10,000 na zaidi, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Mpanga njia akiona mkondo huo umesimama mbele ya ndege, anaweza kuongeza kilomita mia tatu ili kuukwepa na bado akafika mapema. Kwa hiyo njia hubadilika. Leo ndege itapita karibu na ncha, kesho yake namba ile ile ya safari itakwenda kupitia Ulaya na Greenland. Kwa njia zote hizo mbili, aliyekaa dirishani mchana wa kiangazi anaweza kuiona barafu.

Jirani naye asionekane amesema ovyo. Vita hubadilisha njia kweli. Tangu mwaka 2022 mashirika mengi ya Ulaya, pamoja na ya Marekani na Kanada, hayapiti anga la Urusi. Safari ya Helsinki kwenda Tokyo iliyokuwa ikichukua kama saa 9 ikapanda hadi kama 13 kwa sababu hiyo tu. Ila barafu aliyoiona mwanao haihitaji vita kuielezea.

Najua swali ambalo mzazi hujiuliza hapa hata kama hakuliandika: ndege ikiharibika juu ya barafu, inatua wapi? Hakuna ndege inayoruhusiwa kupita huko bila kupangiwa mapema viwanja vya kukimbilia, na muda wa kuvifikia ikiwa injini moja imezimika. Vipo Urusi, Kanada, Alaska na kwingineko. Jambo la pili tunaloliangalia ni mafuta kuganda. Umeona mawese yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya baridi? Mafuta ya ndege nayo yana kiwango chake. Aina inayotumika sana, Jet A-1, huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, na hewa ya huko juu inaweza kuwa baridi kuliko hapo. Marubani wana kipimo cha joto la mafuta mbele yao muda wote. Kikishuka mno, wanateremsha ndege kwenye hewa yenye joto zaidi au wanaongeza mwendo, kwani mwendo wenyewe huipasha bawa joto. Dira ya sumaku nayo huyumba karibu na ncha, kwa hiyo ndege hazitegemei hiyo, zinatumia setilaiti na vifaa vyake vya ndani. Ni njia iliyozoeleka, inapitwa kila siku.

Uliuliza mwanao yuko mbali nawe kiasi gani. Kwa mstari mmoja ulionyooka juu ya tufe, kutoka Kigoma hadi Los Angeles ni karibu kilomita 15,400. Ziwa letu lina urefu wa kama kilomita 670. Lipange moja baada ya jingine mara 23, utakuwa umefika kwake. Kwa njia aliyoipita yeye, Kigoma, Dar, Dubai, Los Angeles, ni karibu kilomita 18,500, maana alilazimika kwanza kurudi mashariki. Dunia nzima ina mzingo wa kama kilomita 40,000, kwa hiyo hakuna binadamu anayeweza kuwa mbali nawe zaidi ya 20,000. Yuko mbali kweli, mama, sitakuficha. Lakini si mbali kiasi cha kushindwa kufika kwake ndani ya siku mbili.

Hapo ndipo ningependa uchague tofauti na alivyochagua yeye. Kijana anaweza kukaa saa 16 akashuka akitembea. Wewe umeniambia miguu huvimba. Dar hadi Dubai ni kama kilomita 4,000, halafu zinafuata 13,420 kwa mkupuo mmoja. Ukipitia Amsterdam, kipande cha kwanza ni kama 7,300 na cha pili kama 8,960. Jumla ni karibu 16,300. Sasa angalia ajabu hii: mstari wa duara kuu kutoka Dar moja kwa moja hadi Los Angeles ni kilomita 16,200 na kidogo. Amsterdam, inayoonekana kwenye ramani ya ukutani kama kuzunguka kote kule kaskazini, iko karibu juu ya mstari wenyewe! Hupotezi hata kilomita 100. Dubai inakuongezea zaidi ya 1,000. Istanbul iko kati kati: kama 5,450 halafu 11,000.

Kwa miguu yako, vipande viwili vinavyokaribiana ni bora kuliko kifupi kimoja na kirefu mno. Unatembea uwanjani saa mbili tatu, damu inashuka na kupanda, kisha unakaa tena. Lakini usichague kwa kilomita peke yake. Bei ya tiketi haifuati umbali, inafuata msimu na ushindani, na mara nyingine njia ndefu ndiyo rahisi. Angalia muda wa kusubiri kati ya ndege na ndege. Chini ya saa mbili ni roho juu, hasa kwa mtu anayepita uwanja mkubwa mara ya kwanza. Uliza masharti ya kupitia nchi hiyo kwa pasipoti ya Tanzania, umuulize wakala uso kwa uso au ubalozi wenyewe, usitegemee ulichosikia kwa aliyesafiri mwaka juzi. Na tafadhali sana, usilipie tiketi kabla viza ya Marekani haijatoka.

Kuhusu afya yako siwezi kukuamulia kwa maandishi. Mimi ni mtu wa njia za ndege, si daktari. Nitakuambia ninayoyajua kuhusu ndege, mengine umpelekee daktari. Hewa ya ndani ya ndege imepunguzwa kidogo, ni kama umekaa juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Mtu mwenye presha iliyotulia kwa dawa kwa kawaida husafiri bila shida. Mwenye presha inayopanda na kushuka asipande kabla haijatulizwa. Kukaa bila kujongea zaidi ya saa nne, iwe ndegeni au ndani ya basi la Kigoma kwenda Dar, huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya uwezekano huo bado ni mdogo. Kwako sijui, na ndiyo maana nataka upimwe.

Nenda hospitali, pale Maweni au kwa daktari anayekujua, angalau miezi miwili kabla ya safari. Mweleze kuhusu miguu, asiishie kupima presha tu. Miguu kuvimba kunaweza kutoka kwenye moyo, figo au mishipa, na kunaweza pia kutoka kwenye dawa yenyewe, kwa mfano amlodipine, ambayo wengi wenye presha wanaimeza. Usiiache kwa kusoma maneno yangu; muulize yeye. Muulize pia kama unahitaji soksi za kubana miguu, maana zinapimwa kwa saizi ya mguu na isiyokutosha inadhuru. Halafu muulize utamezaje dawa zako ukifika mahali ambapo saa zimerudi nyuma kumi. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, usizitie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Ukiwa ndani, omba kiti cha kando ya njia badala ya dirishani, hata kama barafu utaikosa. Simama utembee kila saa unapokuwa macho, zungusha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji, na usimeze dawa za usingizi zitakazokulaza saa nane umejikunja. Baada ya kufika, na kwa wiki kadhaa zinazofuata, ukiona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto au unauma kwenye kigimbi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi zikikatika ghafla, mwambie mwanao aite gari la wagonjwa mara moja, usisubiri kupambazuke.

Mahafali ya vyuo vya huko mara nyingi huwa mwezi wa tano au wa sita, kwa hiyo una muda wa kutosha kwa hayo yote. Hadi hapo mtaonana kwa simu, na saa inayowafaa nyote ni saa 2 usiku wa Kigoma. Kwa saa za kiangazi za kwake, hiyo ni saa 4 asubuhi. Ila wenzetu hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, na kuanzia siku hiyo hadi Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, saa 2 yako ya usiku itakuwa saa 3 yake ya asubuhi. Ikitokea siku hiyo umepiga hakupokea, usihangaike: huenda bado amelala. Jaribu tena baada ya saa moja.